Mwenzenu nilikuwa nanyoa ndevu saa kumi alfajiri

Najua nimepotea. Testi zilinikalia kooni, na zilipoisha nikawa sina hamu ya kuandika chochote kisicho na maksi. Leo umeme umekatika bweni zima tangu asubuhi, mlima Meru umejifunika mawingu hauonekani hata ncha, na mimi nimekaa kitandani na shuka mpaka kidevuni. Basi leo naongelea hicho hicho kidevu.

Mwenzenu nina ndevu.

Msicheke kwanza. Sisemi malaika, vile vinyweleo laini ambavyo kila mtu anavyo. Nasema ndevu nyeusi, ngumu, za kujikunja, kidevuni na chini ya taya kuelekea shingoni. Zilianza moja moja nikiwa kidato cha pili, kufika kidato cha nne zikawa kundi. Mnaonifahamu mtabisha manake hamjawahi kuziona. Hamjaziona kwa sababu tangu mwaka wa kwanza nimekuwa naamka saa kumi alfajiri, simu inatetemeka chini ya mto, najipenyeza bafuni na wembe na kipande cha sabuni kabla mtu hajaamka. Mliowahi kuoga maji ya huku mwezi wa sita mnajua hayo ni mateso ya aina gani. Saa kumi na moja nimerudi kitandani najifanya nakoroma.

Shida ni kwamba ikifika saa nane mchana, vile vipindi vya baada ya ugali, kidevu kimeshaanza kukwaruza kama msasa. Kwa hiyo nashika kidevu. Lekcha nzima nimeshika kidevu. Lekchara mmoja aliwahi kusema mbele ya darasa kwamba angefurahi wote tungekuwa tunatafakari kama mimi.

Na Korona, Mungu anisamehe, kwangu ilikuwa sikukuu. Shule zilipofunguliwa Juni 2020 nilivaa barakoa kwa moyo mkunjufu, na wenzangu walipochoka wakaacha, mimi nikaendelea. Matroni akadhani nina kifua.

Nimejaribu kila kinachouzwa kati ya Soko Kuu na Kilombero. Kibano kwanza. Kibano ni kitamu, unang'oa moja unajisikia umeshinda vita, ila nywele zetu zinajikunja, zikiota tena zinageuka zinaingia ndani ya ngozi, unapata vipele na madoa meusi. Halafu uzi, kwa mama mmoja wa Kihindi mjini ambaye mkono wake unakwenda kama cherehani, wiki mbili zimerudi. Nta hivyo hivyo. Halafu kuna saluni moja, siitaji, walinipaka krimu ya kuyeyusha nywele wakaenda kupiga stori nje. Waliporudi nilikuwa nalia. Ngozi ilibabuka, ikapona na doa jeusi kama ramani ya Ziwa Manyara. Kufuta doa nikanunua mkorogo mtaani. Kumbe mikorogo mingi ina dawa za steroidi, na krimu za steroidi ukizipaka sehemu moja kwa muda mrefu zinaweza kuotesha nywele hapo hapo. Yaani nilikuwa nafukuza panya kwa kuwamwagia mahindi.

(Na ile habari kwamba ukinyoa kwa wembe zinarudi nene zaidi si kweli. Wembe unakata unywele katikati, ncha inakuwa butu, ndiyo maana ukishika unaona ngumu. Chini kwenye shina hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo wembe tusiusingizie.)

Siku niliyokamatwa ilikuwa mwaka wa pili. Umeme ulikatika kama leo, nimeweka simu juu ya sinki inaniangazia, povu mpaka masikioni, mlango ukafunguka. Ni rumeti wangu wa dabo deka ya juu, tumbo lilikuwa linamsumbua. Akasimama. Mimi nikasimama. Maji yanatiririka. Nilikuwa nimejiandaa kwa chochote isipokuwa alichosema:

"Shosti, unanyoa kinyume na zinavyoota. Ndiyo maana una vipele. Kaka yangu ni kinyozi."

Akaingia chooni, akamaliza shida zake, akarudi kulala. Asubuhi tukiwa tunakunywa chai akaniuliza kama hedhi yangu inakuja kila mwezi. Nikamwambia inakuja ikijisikia. Akasema basi hilo siyo suala la wembe, hilo ni la hospitali.

Nilienda hospitali moja ambayo nayo siitaji. Daktari hakuninyanyulia hata macho. Akasema, "Olewa binti, ukizaa zitaisha." Nililipia maneno hayo. Nikakaa miezi mitano sijarudi kwa daktari yeyote.

Aliyenisukuma tena ni huyo huyo rumeti. Tukapanda basi la Moshi mpaka KCMC, kwenye kliniki ya ngozi. Pale ndipo kilipo kituo cha RDTC, kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992, na nilivyofika nikakuta foleni ya watu wenye kila aina ya tatizo la ngozi unalolijua na usilolijua. Kidevu changu kikanywea. Daktari wa pale, mama mtu mzima, aliniita "mwanangu" akawasha taa akaangalia kweli kweli. Akanieleza kuna namna ya kuzihesabu, iliyotungwa na madaktari wawili wa Uingereza, Ferriman na Gallwey, mwaka 1961. Siku hizi wanaangalia sehemu tisa za mwili, kila sehemu inapewa namba kuanzia 0 mpaka 4, halafu wanajumlisha. Nikamuuliza kama kufaulu ni ngapi. Akacheka. Akaniuliza kama sauti yangu imebadilika kuwa nzito, kama nywele zilikuja ghafla ndani ya miezi michache, manake hapo mtu anatafutwa uvimbe haraka. Zangu zilikuja polepole. Nikapimwa damu, homoni, sukari, na utrasaundi ya tumbo la chini.

Jibu ni PCOS. Kwa kifupi ovari zinatoa homoni za kiume kuzidi kiasi, mayai hayakomai vizuri, hedhi inarukaruka, na kwa wengi sukari nayo haitulii mwilini. Tukio la ajabu? Hapana, ni karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio kwenye umri wa kuzaa, na wengi hawajawahi kuambiwa. Hebu angalieni lekcha ya watu 200 halafu mpige hesabu wenyewe.

Nilimpigia mama usiku ule. Nikamwambia yote, simu ikawa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi nang'oa tangu nina miaka kumi na tisa. Baba yako hajui."

Baba yangu! Wameishi nyumba moja pale Poli miaka ishirini na saba!

Haya, turudi kwa daktari, manake hapa ndipo penye jambo. Alinipa vidonge vya kushusha hizo homoni na akanionya ni kazi ya miezi sita kuona tofauti kwenye nywele. Na akasema neno nililolibeba mpaka stendi: dawa zinazuia jeshi jipya, ila askari walioshaingia hawatoki. Udevu ukishakuwa udevu, haurudi kuwa malaika kirahisi. Wa kuwatoa hao ni mashine, na mashine ziko mbili, leza na elektrolisisi.

Kuna na krimu inayopunguza mwendo wa nywele, inaitwa eflornithini, nayo ina kisa chake ambacho lazima niwape. Ilikuwa dawa ya malale, ile aina ya Kongo, Sudan Kusini na kaskazini magharibi mwa Uganda. Iliwatoa watu kwenye usingizi wa kufa. Kiwanda kikaacha kuitengeneza miaka ya 1990 kwa sababu wagonjwa wa malale hawana hela. Mwaka 2000 Marekani wakaipitisha kama krimu ya ndevu za wanawake, dawa yenyewe ikaanza kuwa na soko, na mwaka 2001 baada ya kelele za Shirika la Afya Duniani na Madaktari Wasio na Mipaka, wagonjwa wa malale wakarudishiwa yao. Sijui nicheke au nilie. Ila krimu hiyo ukiiacha tu, nywele zinarudi kwenye mwendo wake.

Leza inapiga mwanga unaotafuta weusi wa unywele. Sasa ngozi yetu sisi weusi uko kila mahali, kwa hiyo ukikutana na mashine isiyofaa au mtu asiyejua, inachoma ngozi badala ya shina. Iko aina inayofaa ngozi nyeusi, inaitwa Nd:YAG. Hata hivyo leza haioni mvi, na usoni kuna wanawake ambao badala ya kupungua nywele zimeongezeka. Ndiyo maana mamlaka ya Marekani, FDA, inaruhusu leza itangazwe kwamba inapunguza nywele kwa kudumu. Kusema "kuondoa kwa kudumu" wameiachia elektrolisisi peke yake.

Elektrolisisi haijali rangi. Ni sindano nyembamba kama unywele wenyewe, inaingizwa kwenye kile kishimo unywele unapotokea, pembeni yake, inashuka mpaka kwenye shina, umeme kidogo unapita, shina linakufa. Unywele mmoja. Halafu unaofuata. Halafu unaofuata. Sasa fikiria mimi nina mangapi.

Nilipoanza kusoma habari zake nilikutana na kitu kilichonifanya nifunge kitabu. Aliyeanzisha ni daktari wa macho. Charles Michel, wa St. Louis kule Marekani, mwaka 1875, alikuwa anatibu watu ambao kope zao zimegeuka zinakwaruza jicho. Akatumia sindano na umeme kuua shina la kope. Wa ngozi walikuja kuiga baadaye wakaipeleka usoni.

Kope zilizogeuka! Koko, bibi yangu mzaa mama, wa Longido, alikuwa na kibano kidogo cha chuma kwenye uzi shingoni. Sisi wajukuu ndio tulikuwa tunamng'oa kope, anaegemea ukuta wa boma uso umeelekea jua, anasema "taratibu, taratibu". Alikuwa na vikope, trakoma, ugonjwa uliotesa sana wafugaji wa huku, unarudiarudia mpaka kigubiko kinakunjika kwa ndani na kope zinaanza kufagia mboni. Siku hizi kuna dawa ya kugawa kijiji kizima na kuna operesheni ndogo ya kugeuza kigubiko. Koko alifanyiwa jicho moja. Jicho la pili lilikuwa limeshachelewa. Kwa hiyo ile mashine ninayoililia kwa ajili ya kidevu iligunduliwa kwa ajili ya jicho la mtu kama yeye, na yeye kwa miaka yote alikuwa na kibano tu. Nililala na hilo siku mbili.

Kwa kuulizauliza kwangu hapa Chuga sikupata mtu wa sindano niliyemwamini. Ila shangazi yangu ameolewa Kitengela, na likizo ndefu iliyopita nikaomba kwenda kukaa kwake. Noah mpaka Namanga, unavuka, matatu mpaka Kitengela. Yeye ndiye aliyeniulizia Nairobi akampata mama mmoja wa makamo, chumba chake ghorofa ya tatu, taa kubwa, miwani ya kukuza, na kitanda kama cha kliniki. Nilimwamkia nikamwita mama, akasema "niite tu Auntie".

Auntie hakunigusa siku ya kwanza. Aliuliza maswali: ninatumia dawa gani, nina kifaa cha moyo, nina mimba, kisukari, na la tano ambalo aliliuliza mara mbili, je ukijikata kovu linavimba? Hilo wenzangu lisikilizeni vizuri. Ngozi zetu zina tabia ya kuweka makovu ya kuvimba, keloidi, na kama kwenu mnazo, kwenye masikio ya kutoboa au chanjo ya begani, sema kabla ya sindano. Mimi sina. Hata hivyo akajaribu nywele kama kumi tu chini ya taya, mahali pasipoonekana, akaniambia nirudi baada ya wiki tatu tuone ngozi imesemaje. Nilikasirika, nilikuwa nataka nitoke pale uso kama yai. Sasa hivi nakwambieni, mtu akikubali kukuchoma uso mzima siku ya kwanza bila kukujaribu, chukua kipochi chako uondoke. Na sindano uione ikifunguliwa kwenye pakiti yake mbele yako. Inaingia mwilini hiyo, homa ya ini na Ukimwi havijui kwamba wewe umekuja kwa ajili ya urembo.

Inauma? Inauma. Mdomo wa juu unauma mpaka machozi yanatoka yenyewe bila kulia. Kidevuni ni kama siafu mwenye hasira, mmoja mmoja, anauma anaachia. Kuna krimu ya ganzi, inasaidia kiasi. Cha ajabu ni kwamba unywele ukishauawa hauvutwi, unateleza tu unatoka kama uzi kwenye siagi. Ukisikia unavutwa, bado haujafa, na una haki ya kusema.

Yeye anatumia njia ya mchanganyiko. Kuna njia ya zamani kabisa, umeme wa moja kwa moja kama wa betri, unashika chuma mkononi, na ule umeme ukikutana na chumvi na maji ya mwilini unatengeneza kostiki soda ndani ya kishimo. Ndiyo, kostiki soda, ile ile ya wajasiriamali wa sabuni, kidogo sana, inayeyusha shina. Iko taratibu ila inafika hata kwenye kishimo kilichopinda. Kuna ya pili inayotumia joto, ya haraka, iliyoanzishwa na Mfaransa Bordier mwaka 1924. Na miaka ya 1940 Wamarekani wakaunganisha zote mbili. Kwa nywele zetu za kujikunja, tena zilizong'olewa miaka na miaka mpaka vishimo vimepinda, sindano iliyonyooka inapata taabu kufika chini, kwa hiyo hiyo kostiki inasaidia kufika kona ambayo sindano haifiki. Kumbe vile vibano vyangu vya kidato cha tatu vilikuwa vinaniharibia kazi ya leo.

Ukitoka pale umevimba vidoti kama umelala Magugu bila neti. Baada ya siku moja mbili vinakuja vigaga vidogo, na hapo ndipo mtihani, usivibandue. Usipake poda siku hiyo na kesho yake, usikae juani. Madoa meusi nimepata, yamefifia ndani ya miezi miwili mitatu, mengine bado yapo. Nusu saa moja ya Auntie inakula hela yangu ya chakula ya wiki nzima. Boom likiingia natenga la sindano kwanza, ndiyo maana wengine mlinikuta nakula loshoro ya kubebewa kutoka nyumbani mfululizo mkadhani nimekumbuka mila.

Nywele za usoni hazioti zote kwa pamoja. Zingine zinakua, zingine zimelala, na sindano inaua vizuri ile inayokua. Kwa hiyo uliyoyaona yameisha leo, baada ya wiki kadhaa yanaibuka mengine ambayo siyo yale, ni ndugu zao waliokuwa wamelala. Unarudi. Kila wiki mwanzoni, halafu kila mwezi, na kazi nzima ya uso inaweza kwenda mwaka mmoja mpaka miwili. Na kama homoni hazijatulizwa, mwili unaendelea kuajiri wapya. Wale wauzaji wa vibano vya umeme vya kutumia nyumbani, eti unashika unywele unabonyeza, wasiwadanganye. Unywele haupitishi umeme wa kufika shinani.

Haya yote niliyategemea. Maumivu, hela, vigaga. Jambo ambalo sikulitegemea ni sharti la Auntie la mwisho, alilolisema akiwa anavua glavu:

"Usiing'oe hata moja, umeskia? Ukiing'oa mimi napata shimo tupu. Kunyoa unaweza, lakini siku tatu nne kabla ya kuja, wacha imee niione."

Wacha imee. Mimi ambaye kwa miaka saba kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna binadamu anayeiona.

Likizo haikuwa shida, Kitengela nani ananijua. Ila nimerudi chuo, na sasa nakwenda Nairobi kila mwisho wa mwezi, ina maana kila mwezi kuna siku tatu nne za kutembea hapa kampasi na kidevu kilivyo. Mwezi wa kwanza nilijizungushia mtandio, nikasingizia mafua. Mwezi wa pili nikajipangia kutotoka chumbani, rumeti ananiletea chakula. Mwezi wa tatu zile siku zikaangukia prezentesheni ya kikundi, na mimi ndiye niliyepewa kuongea, kwa sababu natafakari sana.

Nilienda. Mtandio ulikuwa unateleza kila nikigeukia ubaoni, mwisho nikauacha. Safu ya nyuma chalii mmoja akasema kwa sauti ya kunong'ona ambayo watu wa nyuma wanadhani haisikiki, "Oya, huyu mbona ana ndevu kunishinda." Kicheko kikapita. Nilipoteza sentensi, nikaangalia karatasi sikuiona, rumeti wangu hasomi kozi yetu kwa hiyo hakukuwa na wa kunitetea. Nikaanza upya aya ile ile toka juu. Nikamaliza. Tulipata saba kwa kumi, na zile tatu zilikatwa kwa ajili ya majedwali ambayo siyo kazi yangu.

Nikaenda kantini nikakaa peke yangu. Akaja msichana simjui, wa mwaka wa kwanza, amevaa sweta lenye shingo ndefu na jua lilikuwa linawaka. Akaweka chai yake mezani, akakaa, akakaa kimya mpaka andazi likaisha. Halafu akasema, "Shikamoo dada." Nikamwitikia. Akaniangalia kidevu, akashusha sweta lake kidogo tu, sekunde moja, akalipandisha.

Aliuliza maswali mawili. Kama inauma, na kama ni kweli zikifa hazirudi. Nikamjibu kama nilivyowaandikia hapa, ila kwanza nikamwambia aende akapime homoni kabla ya kumpa mtu yeyote hela ya sindano. Yeye ananyoa saa tisa usiku. Bafu lile lile, bweni lile lile, tumepishana saa moja muhula mzima.

Hali yangu kwa sasa: mdomo wa juu umekwisha, miezi minne haujaota hata mmoja. Kidevu kimebaki robo. Chini ya taya bado kuna kazi. Vidonge naendelea navyo, hedhi imeanza kuwa na adabu. Mama nimemwambia nikimaliza mimi zamu yake, amesema yeye ameshazeeka nazo, halafu akauliza kama Auntie yuko Jumapili.

Umeme umerudi, watu wanapiga kelele korido nzima. Jumamosi naondoka na Noah ya kwanza, kwa hiyo kuanzia kesho sinyoi. Mtaniona. Rumeti ameuliza kutoka juu kama alamu ya saa kumi bado ipo, manake inamwamsha na yeye. Nimeizima mpaka wiki ijayo.